Fedha Iliyosukwa Nyweleni

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja.

Kiswahili chetu kina neno moja, fedha, kwa vitu viwili: ile ya kununulia na ile ya sonara. Kwa Wakazakhi wa zamani, wafugaji wa nyika za Asia ya Kati, hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja, tena kikining'inia kwenye nywele za mwanamke.

Pambo lenyewe huitwa sholpy. Ni vipande vya fedha, mara nyingi sarafu zilizotobolewa, vinavyofungwa kwenye misuko mirefu ya msichana. Akitembea, zinalia; hujamwona bado, umeshamsikia. Mfugaji anayehamahama hana ukuta wa kuchimbia akiba, basi mali yake aliivalisha mkewe na binti zake. Sonara wao, zerger, aliletewa sarafu akaziyeyusha zikawa bangili. Sisi wa pwani, pamoja na ndugu zetu wa Omani, hili hatulishangai: reale ngapi za Maria Theresa ziliishia kwa sonara?

Leo safari imegeuka. Kazakhstan ilijitawala Desemba 1991, na tenge, pesa yake, ikaanza kutumika tarehe 15 Novemba 1993. Katika kiwanda cha Oskemen, mashariki mwa nchi, hupigwa pia sarafu za kumbukumbu, na zile za fedha nyingi ni za 925, yaani sehemu 925 kati ya 1,000 ni fedha halisi. Zamani sarafu iligeuzwa pambo. Sasa sanaa na mila ndizo zinazochorwa juu ya sarafu.

Mojawapo ni ya Betashar, sherehe ya kumfunua bibi harusi uso. Mwimbaji hupiga dombra, ala ya nyuzi mbili, anawataja wakwe mmoja mmoja, na bibi harusi anainama kwa kila anayetajwa. Kichwani, kwa desturi, alivaa saukele, kofia ndefu iliyochongoka, yenye thamani ya mifugo mingi. Kazi ya mshonaji, ya zerger na ya mfuma nguo, zote kichwani pa mtu mmoja!

Linaloniuma ni kwamba sarafu hizi hukaa ndani ya kasha la plastiki, hazilii. Hata hivyo nazipenda kwa dhati. Nimeleta moja. Ikikufikia, igeuze polepole chini ya taa: uwanja wake ni kioo, utajiona, lakini michoro imeachwa na weupe wa ukungu. Kwenye nembo ya taifa tafuteni duara lenye miti iliyopishana. Hiyo ni shanyrak, kilele cha hema lao, ambapo moshi hutokea na nyota huonekana. Anzeni safu ya mbele, tafadhali.