Kalamu ya Kiranja

Bwana Yesu asifiwe! Mkuu wa shule, walimu, wazazi, na zaidi ninyi wanafunzi, maana siku ni yenu.

Nimeombwa niseme machache kabla viranja wanaomaliza muda wao hawajavua beji. Nitasema habari za mfalme aliyepewa kiti kabla hajafikia hata umri wa kidato cha kwanza.

Yosia alianza kutawala Yerusalemu akiwa na miaka 8. Mambo ya Nyakati wa Pili, sura ya 34, inasema alianza kumtafuta Mungu katika mwaka wa 8 wa utawala wake. Pigeni hesabu. Miaka 16, rika lenu kabisa! Kwa hiyo taji lilikaa kichwani miaka minane ndipo moyo nao ukaanza kutafuta. Sisi hudhani imani lazima itangulie cheo. Kwa Yosia cheo kilitangulia. Basi kama yupo kiranja hapa aliyechaguliwa kwa kuwa anaongoza sifa vizuri, na moyoni anajua bado anapapasa, asijifiche. Aanze kutafuta.

Ila msiishie hapo. Kuisafisha nchi, kuvunja madhabahu za sanamu, alianza mwaka wa 12. Katikati ipo miaka minne ambayo Maandiko hayaielezi. Mimi naipenda sana miaka hiyo. Kijana ana mamlaka yote, ana moto mpya wa imani, na bado hajamgusa mtu. Ninyi mnawajua wenzenu wanaookoka Jumapili, ikifika Jumatatu bweni zima ni wenye dhambi isipokuwa wao. (Kicheko.)

Na alipofikisha miaka 26, kitabu cha torati kilipatikana hekaluni, Shafani mwandishi akakisoma mbele yake. Mfalme akararua mavazi. Mavazi yake mwenyewe, si ya Shafani.

Sasa tuje kwenye ile karatasi ya wapiga kelele. Mnacheka kwa sababu mnaijua. Kuongoza ibada ya asubuhi kila mtu anakuona, hata mkuu wa shule. Ile karatasi unaiandika peke yako, mwalimu yuko mbali. Rafiki yako ameongea dakika kumi. Yule aliyekutania juzi amekohoa tu. Nani anaandikwa? Nikitaka kujua imani ya kiranja, sitamsikiliza akiomba. Nitaomba nione karatasi yake.

Kanisa la kwanza nalo lilipita hapo hapo. Matendo sura ya 6: wajane wa upande mmoja walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Upendeleo tu, wala si jambo geni. Wakachaguliwa watu saba, Stefano akiwamo, wenye sifa njema, Roho na hekima, wakaombewa na kuwekewa mikono. Kwa kazi gani? Kuhudumu mezani, ili asisahauliwe mtu.

Kwa hiyo heshima ya leo, wazazi wangu, isiwe ya beji. Wapo hapa viranja waliomwandika rafiki yao wa kitanda cha pili, wakaadhibiwa kwa kununiwa wiki nzima. Yupo aliyefuta jina aliloliandika kwa hasira, akamwomba msamaha kidato cha kwanza. Hayo hayaingii kwenye cheti.

Naomba viranja wote wanaotoka wapite mbele. Na ninyi mlioandikwa kwa kalamu zao, nawaachia ninyi makofi. Sisi wageni tutafuata.