Nesi Mweusi wa Marekani na kipimo cha jeni

Haya wapendwa, tuanze, waliochelewa watatukuta njiani.

Watu wakisikia manesi Weusi kule Marekani wanasitasita kwenye mambo ya jeni, yaani vile vinasaba tunavyorithi kwa wazazi, haraka wanasema aah, hawana elimu. Si kweli jamani, wale wanakumbuka. Tuskegee, Alabama, 1932 mpaka 1972, wanaume Weusi 399 wenye kaswende waliachwa bila tiba ili serikali iangalie tu ugonjwa unavyowamaliza, penisilini imeshapatikana na bado wakanyimwa. Na aliyekuwa anawafuata majumbani, anawapakia kwenye gari kuwapeleka kupimwa, ni nesi Mweusi mwenzao, Eunice Rivers, walimwamini sana, na mtu akifa ni yeye anaenda kuwaomba ndugu wakubali mwili upasuliwe ndo wapewe hela ya mazishi. Yaani hapo ndo panapouma, waliwapata kupitia mtu wao.

Ikaja sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwanzoni mwa miaka ya 70 majimbo kadhaa yakalazimisha Weusi wapimwe, ushauri nasaha hakuna wa maana, mtu amebeba jeni moja tu ya sikoseli, wakati mgonjwa anakuwa nazo mbili, mzima wa afya, anachukuliwa kama mgonjwa, wengine wakakosa kazi na bima. Sheria ya nchi nzima ya kuzuia ubaguzi wa jeni kazini na kwenye bima ya afya imekuja 2008, bima ya maisha haimo mpaka leo!

Lakini kukataa kupima nako kuna gharama, na manesi wale wanalijua hilo. Tafiti nyingi za jeni zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, Weusi hawamo vya kutosha, kwa hiyo mwanamke Mweusi akipimwa jeni za kansa ya matiti ana uwezekano mkubwa zaidi wa kurudishiwa jibu la "tumeona badiliko ila hatujui maana yake". Sasa huyo mama anamgeukia nani? Daktari keshatoka, amebaki nesi.

Kwa hiyo nesi akiuliza sampuli itatunzwa wapi, nani ataiona, tiba ikipatikana na sisi tutaipata, hayo maswali yanatakiwa yajibiwe utafiti ukiwa bado unapangwa, naye akiwepo mezani. Desemba 2023 Marekani imeidhinisha tiba ya kuhariri jeni kwa sikoseli, yaani kubadilisha jeni za mgonjwa, bei yake ilipotangazwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na kule Weusi ndo wagonjwa wengi wa sikoseli.

Haya, maswali, tuanze na dada pale nyuma.