Ng'ambo Imepotea Kwenye Seva

MWANAIDI: Haji, wiki hii nimeutafuta mtaa wenu siku nzima sikuuona.

HAJI: Mtaa wetu upi? Ng'ambo ya hapa Unguja?

MWANAIDI: Ng'ambo. Wallahi umo, na haumo.

HAJI: Ng'ambo haipotei, bibie. Hebu eleza.

MWANAIDI: Mnamkumbuka yule mteja wangu wa dawa za jumla, niliyekuwa namsihi tangu mwaka juzi tuhame. Seva yake ilikuwa na hifadhidata ya PostgreSQL 10 juu ya mfumo endeshi wa Ubuntu 18.04. Toleo hilo la PostgreSQL lilitoka 2017, na tangu Novemba 2022 halipati viraka vya usalama tena. Yaani kila siku analala mlango wazi. Jumatano akakubali. Tukafunga saa nne usiku, nikachukua bakapu, nikaipandisha Ubuntu mpaka 22.04, kisha hifadhidata nikaipeleka toleo la 17 kwa pg_upgrade, chombo chake cha kupandisha toleo.

HAJI: Kwa --link?

MWANAIDI: Kwa --link.

HAJI: Haya. Hapo tutarudi.

MWANAIDI: Rudi tu. Nilianza na --check, ukaguzi tu bila kuhamisha kitu, ikasema mambo sawa. Gigabaiti mia tatu na ushei, na dakika tano hazikutimia, kwa sababu --link hainakili data. Inayashika mafaili yale yale na kuyapa mlango wa pili. Nikakusanya takwimu upya, maana mpaka toleo la 17 pg_upgrade haizibebi, na ukisahau, asubuhi kila swali linatambaa. Nikahesabu mistari, jedwali moja moja. Idadi ile ile. Nikaenda kulala moyo mweupe.

HAJI: Halafu?

MWANAIDI: Saa mbili na nusu asubuhi karani ananipigia. "Dada, duka la Ng'ambo halimo." Mteja wa miaka! Kaandika jina lote, hakuna. Na kijana ni mchapa kazi, hakukaa kungoja, akalisajili upya. Mfumo ukakubali.

HAJI: Lakini safu ya majina si mmeizuia isirudie?

MWANAIDI: Ndiyo kilichonitoa kitandani! Nikaketi mwenyewe. Naandika jina zima kama lilivyo, herufi kwa herufi: sifuri. Naandika kipande tu, "ambo", na alama ya asilimia mbele na nyuma, yaani hata kuwe na nini pembeni: yanakuja mawili. Duka moja, namba mbili za mteja. Mikono ilikuwa baridi, Haji. Data ipo, lakini ukiiita kwa jina haiitiki.

HAJI: Faharasa.

MWANAIDI: Faharasa. Ile orodha iliyopangwa ya kutafutia. PostgreSQL yenyewe ilikuwa imeiachia maktaba ya mfumo, glibc, iamue neno gani linatangulia lipi. Na glibc 2.28, ya Agosti 2018, ilibadilisha mpango huo. Ubuntu 18.04 ina 2.27, Ubuntu 22.04 ina 2.35. Nimevuka mpaka wenyewe. Zamani ritifaa, ile alama ya juu kwenye ng', ilirukwa wakati wa kupanga, kwa hiyo Ng'ambo ilisomwa kama "Ngambo" ikakaa baada ya Ngalawa. Na ninaye mteja anaitwa Ngalawa. Sasa ritifaa inahesabiwa, nayo hutangulia herufi, kwa hiyo Ng'ambo ni kabla ya Ngalawa. Ila faharasa iliyoko kwenye diski imepangwa kwa mpango wa zamani. Anayetafuta anafika kwa Ngalawa, anaambiwa Ng'ambo iko nyuma yako. Anarudi nyuma. Hakuna mtu.

HAJI: Na hapakuwa na onyo?

MWANAIDI: Hata moja. Toleo la 10 halikuweka kumbukumbu ya toleo la glibc, sasa angeonya nani?

HAJI: Mimi nikwambie linaloniuma zaidi? Ni huko kuirukaruka ritifaa. Ritifaa si pambo! Ng' ni sauti moja kamili. Mtoto wa darasa la kwanza anajua ng'ombe na ngoma hazianzi sawa. Miaka yote hiyo mashine ilikuwa ikisoma "Ngambo". Ngambo ndiyo nini?

MWANAIDI: Na sasa inaiona, ndiyo imetuvurugia.

HAJI: Na bado haiisomi sawa! Inaihesabu kama alama, si kama sehemu ya herufi. Mimi ningeiweka ng' mahali pake, baada ya ng zote zimalizike.

MWANAIDI: Haji, muda.

HAJI: Niachie kidogo, hili ni la kwetu. Ng'ambo ni ng'ambo ya nini? Ya mkondo. Bahari ilikuwa inaingia hapa kati, Mji Mkongwe upande ule, sisi upande huu, na daraja. Sokoni tunaita Darajani mpaka leo, na daraja lenyewe hulioni, mkondo umefukiwa, magari yanapita. Bibi yangu akitoka Michenzani kwenda sokoni, hatua chache tu, anasema "navuka". Anavuka nini? Maji hayapo! Lakini ndani ya kichwa chake mji umepangwa vile vile.

MWANAIDI: Kama faharasa yangu.

HAJI: Kama faharasa yako! Ardhi imebadilika, ramani ya zamani, na mtu anatembea kwa ramani.

MWANAIDI: Tofauti ni kwamba bibi alifika sokoni.

HAJI: Alifika kwa sababu alikuwa na macho. Sasa turudi kwenye --link. Ungemwaga data yote kwenye faili kwa pg_dump, ile ya toleo jipya, ukairudisha kwenye seva mpya, kila faharasa ingejengwa upya kwa glibc mpya. Ng'ambo isingepotea hata dakika.

MWANAIDI: Na kurudisha gigabaiti zote zile kungeisha saa ngapi? Nilijaribu kwenye mashine ya pembeni mwezi uliopita, ikachukua muda wa saa kumi na moja nzima. Mteja anauza dawa, Haji. Kuna zahanati zinaagiza alfajiri.

HAJI: Ungefunga Ijumaa.

MWANAIDI: Ijumaa watu hawaugui?

HAJI: Na ukishaiwasha seva mpya kwa --link, ya zamani huigusi tena. Njia ya kurudi ni bakapu peke yake.

MWANAIDI: Bakapu ninayo, na niliijaribu kuirudisha kabla. Ubaya haukuwa --link. Ubaya ni kubadilisha mfumo endeshi bila kuzijenga upya faharasa za maandishi. Hata ungebaki toleo la 10, Ng'ambo ingepotea.

HAJI: Kweli. Lakini ukimwaga, unapona hata hilo usilolijua. Njia yako inamtaka mtu ajue kila kitu saa nane usiku.

MWANAIDI: Njia yako inafunga duka la dawa. Nilipojua tatizo, nikaendesha amcheck kuona faharasa zipi zimeharibika, nikaunganisha wale wateja wawili wawili, maana REINDEX, amri ya kujenga faharasa upya, inakataa ikikuta marudio, kisha nikajenga. Dakika arubaini.

HAJI: Baada ya nusu siku ya ankara kuandikwa kwenye namba mbili.

MWANAIDI: Wateja saba tu.

HAJI: Saba ni watu.

MWANAIDI: Na zahanati ni watu. Sikukubalii.

HAJI: Wala mimi.

MWANAIDI: Nilikuja na mambo matano ya kuwasomea wanaotusikiliza, na la kwanza sijalifungua. Magharibi hiyo inaingia, na chumba hiki wanakitaka.

HAJI: Lisome moja.

MWANAIDI: Linahitaji maelezo, nitaliharibu. Kipindi kijacho.

HAJI: Haya. Niambie hili tu: yule wa Ng'ambo alipata dawa zake?

MWANAIDI: Alipata, saa saba mchana. Ila ana ankara mbili, na ya pili bado tunabishana na mhasibu namna ya kuifuta.