Tundu la hedifoni bado zima: kuitafuta sauti kwenye Linux

Mafundi wenzangu, poleni na baridi ya Julai. Salamu ndefu tutapeana nje, kwenye chai. Humu ndani nina swali moja tu la kuwapa.

Mteja amekuletea kompyuta ya mezani, akichomeka hedifoni hasikii kitu. Wengi wetu tunakimbilia kufuta Linux, yaani mfumo endeshi wenyewe, na kuiweka upya. Acheni hiyo. Jiulize kwanza: je, kompyuta imejua kwamba kuna kitu kimechomekwa?

Fungua pavucontrol, ile programu ya kurekebisha sauti, sehemu ya vifaa vya kutolea sauti. Chomoa, chomeka, huku macho yako kwenye skrini. Kompyuta ikiitambua plagi, maelezo ya tundu lile yanabadilika hapo hapo. Yakibadilika, weka bisibisi chini: shida ipo kwenye mipangilio. Yasipobadilika, shika bisibisi.

Tuseme imeitambua, lakini kimya. Sauti ya Linux ina koki mbili kwenye bomba moja. Chini kabisa kuna ALSA, iliyo ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux. Juu yake kuna PulseAudio au, kwenye matoleo ya Linux kuanzia Fedora 34 ya mwaka 2021 na Ubuntu 22.10, PipeWire. Unaweza kufungua koki ya juu hadi mwisho, kumbe ya chini imefungwa. Andika alsamixer kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri, bonyeza F6, uchague kadi ya sauti yenyewe, maana mara nyingi inayotokea ni ya HDMI, ile ya kupeleka sauti kwenye runinga. Safu ya Headphone ikiwa na MM, imenyamazishwa. Bonyeza herufi M. Ya maiki iko kwenye F4, nayo ina kitufe chake cha kuruhusu kurekodi, yaani spesi. Watu wanaisahau hiyo kila siku.

Sasa ile isiyotambuliwa. Jaribu tundu la kijani la nyuma. Likifanya kazi na la mbele likagoma, fungua keisi. Zile mashine zilizotumika, zilizopulizwa vumbi na kufungwa haraka haraka, mara nyingi waya wa paneli ya mbele umeachwa unaning'inia. Na hata ukiwa umechomekwa, angalia kichwa chake: waya mmoja unaweza kuwa na vichwa viwili, kimoja kimeandikwa AC97 na kingine HD AUDIO. Vyote vinaingia kwenye pini zilezile za madabodi, ile bodi kuu! Ukichomeka cha AC97, sauti inaweza kutoka, lakini taarifa ya kuchomeka haifiki, na Linux inaendelea kuamini pale mbele hakuna kitu. Chomeka HD AUDIO, kisha hakikisha BIOS, mipangilio ya kompyuta kabla Linux haijawaka, nayo imewekwa hivyo.

Dada pale nyuma anauliza: mbona hedifoni za simu zinasikika ila maiki yake haisikiki?

Swali zuri, na hapa Linux inasingiziwa. Plagi ya simu ina miguso minne: masikio mawili, ardhi, na maiki. Tundu la kijani la kompyuta ya mezani linajua mitatu tu, halina njia ya maiki. Ukiihamishia plagi ileile kwenye tundu la pinki, mpangilio wa miguso haulingani. Nunua kigawanyo chenye mikia miwili, kijani na pinki. Hakuna amri ya terminali itakayokuongezea mguso wa nne.

Laptopu zenye tundu moja ni habari nyingine. Huko wakati mwingine snd-hda-intel, draiva inayoendesha kadi ya sauti, inahitaji kuelezwa aina ya mashine, au unatumia programu ya hdajackretask kuiambia kila pini kazi yake. Hiyo tuiache hadi mchana.

Kupima maiki: arecord -d 5 -f cd jaribio.wav, ongea, kisha aplay jaribio.wav. Msipime kwa kupiga simu ya mtandaoni, mtalaumu intaneti bure.

Haya, nani amekuja na mashine inayogoma? Ilete hapa mezani, na waya wake wa umeme.