Njia panda haipandi mlima

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni.

Hapa Moshi sote tunaijua Njia Panda ya Himo: mkono mmoja unashuka Same hadi Dar, mwingine unaingia Himo kuelekea mpakani Holili. Na kwa kuwa ukifika Himo unaweza kukata kona ukapanda Marangu, mtu mzima kabisa aliwahi kunieleza kuwa njia panda maana yake ni njia ya kupandia mlimani. Nilicheka, kisha nikakumbuka kwamba utotoni nami niliamini hivyo hivyo.

Sarufi inakataa. Lingekuwa neno la kupanda, tungesema "njia ya kupanda". Hapa nomino mbili zimekaa bega kwa bega bila "ya", kama mbwa mwitu au bata mzinga. Panda hii, basi, ni kitu. Kitu gani? Aliyewahi kutengeneza manati anakijua: kile kijiti unachokata pale tawi linapogawanyika mara mbili. Fundi wa kibanda naye huchimbia nguzo yenye panda ili boriti ikae juu yake. Aliyeipa njia jina hilo aliona mti umelala chini: shina ni ulikotoka, matawi ni uendako.

Njia yenyewe ni Kibantu kitupu. Wakikuyu husema njĩra, Washona nzira, wasemao Kilingala nzela. Sisi ile sauti ya katikati tumeimeza.

Cha ajabu, Warumi nao waliona hivyo hivyo. Kwao furca ni uma wa meno mawili, na quadrifurcus ni chenye panda nne. Wafaransa wakapata carrefour, na katikati ya mji wa Oxford, Uingereza, makutano ya barabara yanaitwa Carfax. Kwa hiyo ukinunua sabuni Carrefour ya Nairobi, kwa jina uko njia panda.

Halafu kuna fisi, yule ambaye njia mbili zilimshinda. Kanusa nyama huku, kanusa kule, kaweka mguu huku na mguu kule mpaka kapasuka msamba. Mtazameni umbo lake: naye kawa panda.

Kijana mmoja ameniuliza mlangoni, je, kipilefti? Hiyo haina mti, baba. Ni kibao cha Kiingereza kilichomwamuru dereva akae kushoto.

Haya, mzee wa nyuma pale, nimeuona mkono wako.