Babu wa mitishamba na kijana wa Zürich

Hamjambo wapendwa wangu huko nyumbani? Leo nipo Zürich, Uswisi, nimepanda kilima hiki kidogo chenye Bustani ya Zamani ya Mimea. Hebu tazameni vitalu hivi nyuma yangu. Ni mimea ya dawa, na sehemu hii imepewa jina la Conrad Gessner. Huyu mtu nampenda, acheni niwasimulie.

Alizaliwa mji huu huu mwaka 1516. Baba yake alishona nguo za ngozi za manyoya, watoto wengi, pesa hakuna. Conrad akalelewa na babu mmoja wa ukoo, mzee wa kupanda na kukusanya mitishamba. Mwaka 1531 baba akauawa vitani huko Kappel. Kijana ana miaka 15! Mimi niliyekulia kwa bibi, nikitumwa kuchuma majani ya mwarobaini, hapo ndipo Gessner aliponishika moyo.

Akasoma, akawa daktari. Kati ya 1551 na 1558 akachapisha juzuu nne nene kuhusu wanyama. Na sikieni anavyoanza: kwanza jina la mnyama kwa kila lugha aliyoweza kuipata, Kiebrania, Kiarabu, Kigiriki, Kijerumani. Jina kwanza, ndipo umbo, tabia, na dawa zake. Hakuizunguka dunia. Aliandika barua, na rafiki zake wakamtumia michoro na ngozi, naye akawataja kwa majina kitabuni. Kifaru aliyemweka humo ni mchoro wa Dürer, msanii wa Ujerumani, ambaye mwenyewe hakuwahi kumwona kifaru! Farasi wa pembe moja wa hadithi naye yumo. Simlaumu, alikusanya kila kilichosemwa, na palipomtia shaka akasema.

Ila kinachoniuma ni kitabu chake cha mimea, ambacho hakuwahi kukichapisha. Alikuwa na michoro kama 1,500, na si ua tu: mzizi, mbegu, tunda, kila kimoja kimechorwa peke yake, kwa sababu aliona mimea hutambulikana vizuri zaidi kwa ua na mbegu kuliko kwa majani. Yeye ndiye aliyeieleza tulipu, ua la bustani, Ulaya, baada ya kuiona bustanini Augsburg, Ujerumani, mwaka 1559, na hadi leo kuna tulipu yenye jina lake.

Desemba 1565 tauni ikamchukua, akiwa daktari wa mji, umri miaka 49. Michoro ile akamwachia rafiki yake Caspar Wolf, ikapita mikono mingi, na kuchapishwa kwake kukasubiri karibu miaka 200.