Fungua Faili Kabla ya Kuchora Grafu

Asanteni. Hamkuja hapa kuelezwa AODV, ile itifaki inayotafutia pakiti njia pale tu inapohitajika, kwa hiyo sitaieleza zaidi. Nimekuja na jambo lile lile nililolisema mwaka jana na mwaka juzi, na nitalirudia mpaka nione linafanyika. Ukiigiza itifaki ya kutafuta njia kwenye mtandao usio na waya, matokeo yakakushangaza, usikimbilie kuibadilisha itifaki. Fungua kwanza faili la matukio, lile ambamo kila pakiti, yaani kifurushi cha data, iliyotumwa, iliyopokelewa na iliyotupwa imeandikwa mstari wake, ulisome kwa macho yako.

Alinijia mwanafunzi mmoja, binti hodari, zimebaki wiki tatu awasilishe tasnifu. Alikuwa anatumia ns-2, programu ya kuigiza mitandao. Swali lake lilikuwa zuri: tukibadilisha muda unaopita kati ya salamu moja na nyingine ambazo nodi, yaani vifaa vya mtandao, hupeana ili kujua jirani yupo, pakiti ngapi zitafika? Kwa kawaida muda huo ni sekunde 1. Akaweka nusu sekunde, akaweka 2, akaweka 5. Mistari yote ya grafu ikalaliana. Akaandika katika sura ya nne kwamba salamu hazina athari yoyote kwa AODV.

Nikamuuliza, mwanangu, hata pakiti moja haikutofautiana? Hata moja, mwalimu. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Tukafungua faili, nikamwambia atafute neno HELLO. Halikuwemo. Faili zima, hakuna salamu hata moja! Miezi yote ile alikuwa anapima muda wa kitu kisichotokea. Sababu iko ndani ya aodv.h, faili mojawapo la msimbo wa AODV: kuna mstari unaotangaza AODV_LINK_LAYER_DETECTION, na ukiwepo huo, nodi hazisalimiani kabisa, tabaka la MAC, linalosimamia matumizi ya redio, ndilo linalotoa taarifa kwamba jirani hapatikani. Tukauzima mstari ule, tukaendesha upya. Kimya vile vile! Maana ukigusa faili la .h, amri ya make, inayojenga programu, peke yake haikuhakikishii kwamba kila kinacholitegemea kimejengwa upya. Tukaanza na make clean, kufuta vilivyojengwa, kisha make. Salamu zikajitokeza, na mistari ya grafu ikaachana. Sura ya nne akaiandika upya yote. Aliilia, nami niliumia naye, kwa sababu dakika tano za kusoma lile faili zingemwokoa tangu mwanzo.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mwalimu, ns-2 imepitwa, toleo la 2.35 ni la 2011, sisi tuko ns-3, mrithi wake." Sawa, na huko salamu za AODV zimewashwa tangu awali. Lakini mbegu, ile namba inayoanzisha namba nasibu, haibadiliki, wala namba ya zamu, RngRun, haisogei mpaka uitake. Endesha mara 30 bila kugusa RngRun, utapata jibu moja mara 30, halafu utuletee wastani! Wajibu wa kusoma umehama na wewe.

Na kusoma kwenyewe si kugumu. Kwenye ns-2, mstari unaoanza na D ni pakiti iliyotupwa, na sababu imeandikwa hapo hapo. NRTE, hakuna njia. IFQ, foleni imejaa. COL, zimegongana. Ukiona NRTE tupu toka mwanzo hadi mwisho, pima umbali kabla ya kuilaumu AODV. Redio ya kawaida ya ns-2 inafika mita 250, ingawa kelele zake zinasikika hadi mita 550. Umepanga kila nodi mita 300 kutoka kwa jirani yake, nani amfikie nani?

Muda unaniishia, nipite haraka. Wanaotumia DSR, itifaki nyingine ya kutafuta njia, kwenye ns-2: aina ya foleni yenu ni CMUPriQueue, ukiweka PriQueue programu inakatika ghafla. Nodi zinazotembea ovyo: kasi ya chini isiwe sifuri, la sivyo wastani wa mwendo unashuka kadiri uigaji unavyoendelea.

Na msidhani haya ni ya wanafunzi tu. Mwaka 2005 Kurkowski, Camp na Colagrosso walichambua makala 151 za MobiHoc, mkutano wa watafiti wa mitandao isiyo na waya. 114 zilitumia uigaji, na zinazoweza kurudiwa na mtu mwingine hazikufika asilimia 15.

Kabla ya Jumatatu, kila mmoja aweke nodi mbili tu, mita 200, kisha 260. Grafu siitaki. Nileteeni faili.